Folda Iliyoitwa Mikono

Mwalimu mmoja mstaafu, jina lake Righa, alikuwa na kompyuta ya mkononi, na ndani ya kompyuta hiyo alikuwa akiandika kitabu cha maisha yake. Aliishi na mkewe Wawuda katika milima ya Taita. Kila asubuhi baada ya chai aliketi mezani na kufungua mashine, na nyumba nzima ikajua kwamba Mwalimu anaandika. Redio ilizimwa. Mgeni akibisha hodi aliambiwa asubiri uani. Kitabu kilieleza shule alizoziongoza, wakubwa waliomwonea, na jinsi ambavyo mwisho wa kila jambo yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Kompyuta ile waliinunua wote wawili, lakini iliitwa ya Mwalimu. Wawuda aliitumia Mwalimu alipokuwa akila, au alipojilaza kidogo mchana, au alipokwenda matangani. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto viziwi katika chumba kimoja pembeni mwa kanisa. Watoto waliishika lugha ya ishara upesi, lakini wakirudi nyumbani walikuta wazazi wasioijua, wakawa kama wageni kwa mama zao. Kwa hiyo Wawuda alikuwa akiwatengenezea wazazi kitabu. Alichora mikono kwenye karatasi, akaipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta, kisha chini ya kila mkono akaandika maana yake kwa Kidawida, lugha ya Wataita: huu unasema maji, huu unasema naumwa, huu unasema nimekukumbuka. Karatasi zenyewe watoto walizishikashika darasani mpaka zikachanika.

Kompyuta ikaanza kuugua. Iliwaka kwa kujivuta, ikaganda katikati ya sentensi, ikaamka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Righa alilaumu umeme. Alinunua chaja nyingine, akaipangusa kioo, akaivalisha mfuko mzuri wa ngozi. Hakutaka kuambiwa kwamba ubovu uko ndani. Kisha asubuhi moja kioo kikabaki cheusi, na maneno meupe yakasema kwamba mashine haioni diski yake.

Wakamwita Mshai, binti wa dada yake Wawuda, aliyekuwa fundi wa kompyuta mjini Voi. Alifika, akalegeza skrubu, akafunua mgongo wa mashine na kuchomoa diski inayotunza kila kitu, kipande chembamba kama chingamu. Akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe. Ilikataa, ikakataa tena, halafu ikasomeka.

"Baba mdogo," alisema, "mashine yenyewe ni nzima. Kinachokufa ni hiki cha ndani. Nitaweka diski mpya na kuingiza mfumo wa kompyuta upya, na itakuwa tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo tutoe kwanza tunachoweza. Sijui hii itasoma kwa muda gani, huenda isimalize. Nianze na nini?"

Righa alifungua mdomo kusema kitabu. Lakini majina ya folda yalikuwa yamejipanga kwenye kioo mbele yake, naye aliyasoma kama mtu anayesoma bango la dukani kwake kwa mara ya kwanza. Kitabu. Kitabu Kipya. Kitabu cha Mwisho. Kitabu cha Mwisho Kabisa. Hotuba za Mwalimu. Malalamiko kwa Wizara. Picha za Mwalimu. Na chini kabisa, ndogo, moja asiyoijua: Mikono.

"Hii ni nini?"

Wawuda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anajifuta maji kwa leso. "Ni ya watoto wangu," alisema. "Iache tu, Mwalimu. Nitachora tena."

Alisema neno hilo bila uchungu wowote, na hapo ndipo lilipomchoma Righa. Kama angelalamika, Righa angekuwa na jibu, kwa maana maisha yake yote alikuwa na majibu ya malalamiko. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kutoka kula na kukuta kiti kina joto, na Wawuda ameshasimama, anapangusa meza. Alikuwa akidhani anapangusa meza. Kurasa zote zile alizoandika kuhusu maisha yake, na hakuna hata moja iliyojua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiishi maisha hayo pamoja naye, akingoja amalize kula ndipo apate nafasi.

"Anza na Mikono," alisema.

Mshai alimtazama. "Na kitabu, baba mdogo?"

"Kifuate nyuma."

Picha zikaanza kuhama moja moja, na kila iliyohama ilijitokeza kidogo kwenye kioo. Righa alisogeza kiti karibu. Aliona vidole vilivyokunjwa, viganja vilivyofunguliwa, mkono juu ya kifua, mkono kwenye shavu. Vilichorwa vizuri kuliko alivyotarajia, akaona haya kwamba aliwahi kutarajia lolote bila kutazama. Mara diski ikasita. Hata Wawuda, aliyesema iachwe, alikuwa ameishika fremu ya mlango kwa nguvu. Ikaendelea. Mkono wa mwisho ulipofika salama, Mshai aliingia kwenye kitabu. Alipata sura ya kwanza tu, ile ya utoto, ya mbuzi na mama yake na mvua ya vuli, kabla Righa hajawa mkubwa wa mtu yeyote. Kisha diski ikanyamaza. Mshai alichomoa waya, akachomeka, akangoja, akajaribu tena.

"Imekwisha," alisema.

Wawuda aliziba mdomo kwa leso. Righa alitoka uani, akasimama kwenye migomba akingoja hasira imjie, kwa kuwa alijua njia inayopitia. Haikuja. Kilichokuja kilifanana zaidi na mtu anayetua mzigo begani na kushangaa kwamba alikuwa ameubeba. Alirudi ndani akasema, "Weka hiyo mpya."

Diski mpya ilikaa mahali pale pale pa ile ya zamani. Mshai akachomeka flashi yenye mfumo, na mfumo ukajipanga upya polepole, ukiuliza maswali yake: lugha gani, saa za wapi, jina la mwenye mashine. Kwenye swali hilo Mshai hakungoja kuambiwa. Aliandika majina mawili, na hakuna aliyemsahihisha.

Tangu hapo asubuhi zilikuwa za Wawuda. Righa alimenya nduma, akapokea wageni, na akiitwa alikwenda kusahihisha tahajia ya Kidawida, kazi aliyoijua na kuifurahia. Kitabu cha mikono kilikamilika, kikachapishwa, kikagawiwa wazazi. Jumapili moja, nje ya kanisa, baba mmoja aliinama mbele ya bintiye, akatazama ukurasa, akapanga vidole vyake vigumu vya kulima, akamwuliza kama ana njaa. Mtoto alimkazia macho kwa mshangao, kisha akamjibu kwa mikono haraka sana hata baba akacheka na kumwomba arudie. Righa alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Jioni yake aliketi kuiendeleza ile sura moja iliyobaki, naye akaandika kwa furaha, kwa sababu sasa kulikuwa na watu wa kuwaandika.

Basi nawauliza ninyi mlioijaza nafasi yote kwa majina yenu: ikiwa mmebakiwa na muda wa kutoa kitu kimoja tu, mtatoa cha nani?