Kilemba Kilichobaki Safi

Tumepokea kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na amiri mchamungu aitwaye Mundhir bin Wail. Mji ulikuwa na pande mbili, Juu na Bondeni, zisizopikika chungu kimoja. Desturi yao ilikuwa kwamba fitina ikipamba moto, amiri huvua kilemba chake, akakiweka chini kwenye njia inayozitenga pande hizo, akaketi kando yake kichwa wazi. Hakuna aliyethubutu kukiruka mpaka watu wasemezane.

Zilipobaki siku arubaini Mundhir amkabidhi utawala amiri mpya, watu wa Bondeni walitangaza kujitenga, na pande zote zikaanza kunoa panga.

Mundhir akasema, "Hawana haki ya kujitenga." Watu wa Juu wakafurahi. Akaendelea, "Wala mimi sina haki ya kuwazuia. Kilemba hiki sasa ni amana ya anayekuja. Nitakitiaje vumbi?"

Wakarudi makwao hawajui wameambiwa ndiyo au la. Nami, ndugu yangu, nilipokisikia kisa hiki mara ya kwanza sikujua nimsifu kwa uaminifu wake au nimlaumu, na hata leo sina hakika.

Akakikunja kilemba, akakitia sandukuni, akazidisha swala na saumu. Siku ya thelathini vita vikazuka. Amiri mpya alipowasili alikabidhiwa kilemba cheupe na mji ulioteketea.

Tangu hapo Mundhir hakupata raha. Akawa akimwuliza kila mwanachuoni, "Je, ningeweza kuvizuia?" Mmoja akamwambia ni kadari. Mwingine akamwambia damu yote i shingoni mwake. Maskini akazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe akamwendea Bibi Rayhana, mjane mwema aliyezika wanawe wawili, mmoja aliyepigania Juu na mwingine Bondeni.

"Mama, niwie radhi kwa kukuuliza. Lau ningekiweka kilemba njiani, wangesimama?"

Bibi akajibu, "Sijui, baba. Yule mdogo alikuwa mkaidi, pengine angekikanyaga. Mkubwa alikuwa na haya." Machozi yakamtoka. "Asubuhi ile mkubwa alitoka mikono mitupu kwenda kutazama. Akarudi akaniambia, 'Mama, nimefika njiani, kilemba hakipo.' Ndipo akachukua upanga wake."

Mundhir hakumwuliza mtu tena. Inasemekana aliishi kichwa wazi hadi alipofariki, na kila aliyemwuliza habari za vita vile alimjibu, "Kama ningeweza, sijui. Ninachojua ni kwamba sikujaribu."

Basi enyi waumini, kama vita vile vilizuilika, ilimu yake iko kwa Mola. Mimi kila nikisimulia hukwama papo hapo, kwa yule kijana aliyekwenda kutazama njiani. Tumwombe Mungu atujalie tusiwe wenye kutunza kitambaa tukawapoteza waja wake. Amin.