Siwatu na Masikio ya Shaba

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni vigoda, msukumeni kidogo huyo aliyeziba moto, na mwenye la kumnong'oneza mwenzake alimalize sasa, maana ninayoileta leo ni habari ya kusikiliza na kusikilizwa.

Kale hiyo, wanyama na watu walipokuwa wakikaa mtaa mmoja na kuamkiana asubuhi, palikuwa na mji uitwao Mavumoni. Mtawala wake alikuwa Jumbe Nyati, na mkunga wake alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Siwatu. Siwatu alizalisha watu, alizalisha swala, alizalisha hata ngiri, ambao huzaa kwa makelele. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, lakini vyepesi. Tena alichoambiwa chumbani kwake hakikutoka nje. Kwa hiyo wanawake walimweleza mambo ambayo hawakuwaeleza hata mama zao.

Basi mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, ghala la mji likaungua. Mtama wa watu wote ukawa majivu, na aliyelichoma hakujulikana. Mji ukaingiwa na hofu. Jumbe Nyati naye akaingiwa na hofu, hata chakula kikamshinda.

Ndipo akatokea fundi mgeni, Kenge, na sanduku mgongoni. Ndani ya sanduku mlikuwa na sikio la shaba, kubwa kama sahani, na uzi mrefu wa shaba. Akamweleza Jumbe kwamba sikio lile likipigiliwa ukutani, kila litakalosemwa nyumbani litasafiri uzini mpaka jumbani kwake, na huko atawaweka popo, wenye kusikia kuliko viumbe wote, walisikilize na kuliandika. Mchoma ghala asingechukua wiki moja kukamatwa.

Waziri Kicheche akatangaza mji mzima. Kila nyumba sikio moja. Kisimani sikio, sokoni sikio, njia panda sikio. Atakayeliziba, hata kwa kitambaa, atafungwa. Waliouliza maswali aliwajibu kwa upole kabisa.

"Kama huna baya unalosema, unaogopa nini?"

Watu walikuwa bado wananusa moshi wa ghala. Wakakubali. Siwatu naye alikubali, nisiwadanganye. Fundi Kenge alipopiga hodi, alimfungulia mlango, akamwonyesha ukuta, hata akampa maji ya kunywa.

Haukupita mwezi, Mama Digidigi akashikwa na uchungu. Ulikuwa uchungu mrefu, toka alfajiri mpaka jua la utosi. Katika kusukuma akailaani mimba, akamlaani mumewe, akamlaani na Jumbe Nyati, akasema wote watatu wateketee. Siwatu alimfuta jasho tu, maana mzazi akiwa katika hali ile husema lolote. Mtoto akatoka salama, mtoto wa kike. Kabla Siwatu hajamaliza kumfunga kitovu, askari walikuwa mlangoni. Huko jumbani neno "wateketee" lilikuwa limeandikwa, na ghala nalo liliteketea, basi yakaunganishwa. Baba Digidigi akachukuliwa, akafungwa, kwa sababu eti maneno ya mke hufundishwa na mume.

Toka siku hiyo chumba cha Siwatu kikawa kimya. Wanawake walikuja, wakalala mkekani, wakaliangalia sikio la shaba ukutani, wakafunga midomo.

Akaja binti mmoja aitwaye Mashavu, mimba yake ya kwanza, miezi saba. Siwatu alimgusa tumbo, akaona lina ugumu usiompendeza. Akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, bibi."

Akamwuliza kama alianguka.

"Sikuanguka, bibi."

Akamwuliza kama ameona damu. Mashavu akaliangalia sikio, kisha akaangalia chini.

"Sikuona, bibi."

Siku ya tatu walimleta amebebwa kwenye machela. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, na mama mwenyewe aliokolewa kwa shida. Alipopata nguvu ya kusema, alieleza kwamba alianguka akitoka kuokota kuni katika msitu wa Jumbe, ambao ulikatazwa, na kwamba damu ilianza siku ileile.

"Nilikuja kukwambia, bibi," akasema. "Nikaliona lile."

Siwatu akamwosha mtoto, akamfunga kitambaa cheupe, akaenda na baba wa mtoto kumzika. Hakulia mbele za watu. Aliporudi alivuta kigoda, akakaa mbele ya sikio la shaba muda mrefu, mikono mapajani. Alijilaumu. Angemchukua Mashavu, akafikiri, angempeleka kule shambani katikati ya mihindi, wakazungumza. Kisha akafikiri tena: na yule atakayekuja kesho, naye ampeleke kwenye mihindi? Na mihindi ikivunwa?

Akainuka, akalisogelea lile sikio, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Ninyi mnaosikiliza, andikeni. Kesho Siwatu anakwenda barazani kumshitaki Jumbe."

Kesho yake akaenda. Karani wa baraza, Ngiri, alimwambia kwamba hakimu amekwenda mazishini.

"Basi nitarudi kesho," akasema Siwatu.

Akarudi nyumbani, akaliambia sikio vilevile. Siku ya pili Ngiri aliigeuza hati yake ya mashitaka juu chini, akasema haina muhuri.

"Basi nitarudi kesho," akasema Siwatu.

Akarudi nyumbani, akaliambia sikio vilevile. Siku ya tatu hakumkuta Ngiri. Aliyekuwa amesimama ngazini ni Waziri Kicheche mwenyewe, mkia umetulia, sauti yake laini. Alimsifu kwa kazi yake ya miaka mingi. Akasema mji unaihitaji sana mikono yake, na ingekuwa hasara kubwa mikono ile kufungwa kamba.

Siwatu alikuwa mjane, hakuwa na ndugu mwenye cheo, na kazi nyingine hakuijua. Alitaka kusema kwamba ameelewa, arudi zake nyumbani, apike. Akakumbuka uzito wa kile kitambaa cheupe mikononi, uzito mdogo mno.

"Basi nitarudi kesho," akasema.

Siku ya nne alimkuta Ngiri amekaa mezani, macho mekundu, na hati imepigwa muhuri. Mke wa Ngiri, ambaye Siwatu alimzalisha mara tano, alikuwa hajampa mumewe chakula toka kesi ilipoahirishwa mara ya kwanza. Na barazani palikuwa pamejaa. Wanawake wa Mavumoni walikaa mstari kwa mstari, watu na wanyama, wengine na watoto mgongoni.

Hakimu alikuwa Korongo, mzee wa miguu mirefu, mzito wa kusema. Jumbe Nyati alikaa upande mmoja, amejaza kiti. Korongo akafungua kitabu cha sheria za mji, akasoma sheria ya zamani ambayo watu waliishi nayo bila kuitaja: anayetaka kusikia yaliyo ndani ya nyumba ya mwenzake apige hodi mara tatu, na asipokaribishwa, arudi alikotoka.

Kicheche akasimama, akasema sheria ile haihusu jambo hili. Sheria inasema juu ya wenye miguu. Sikio halina miguu, halikuingia nyumbani kwa mtu, liliingizwa. Tena Bi Siwatu mwenyewe alimkaribisha fundi.

"Nilimkaribisha fundi," Siwatu akajibu. "Alipiga hodi, akafanya kazi yake, akanywa maji, akaondoka. Hili halijapiga hodi mpaka leo. Mheshimiwa, na lipige sasa. Likikaribishwa, nitanyamaza."

Korongo akaangalia ukutani, maana hata barazani palikuwa na sikio. Akaliambia lipige hodi. Watu wakangoja. Akaliambia mara ya pili, wakangoja. Akaliambia mara ya tatu. Mtoto mmoja alipiga chafya mgongoni mwa mamake, na hapakuwa na sauti nyingine. Karani Ngiri akaandika kwamba sikio halikujibu.

Kicheche akaona mambo yanakwenda kombo, akamwita shahidi wake. Alikuwa Popo, mmoja wa wasikilizaji, naye akaja amejikunja kwa sababu ya mwanga. Akasoma kutoka daftarini maneno ya Mama Digidigi, neno kwa neno, bila kukosea. Wateketee. Jumbe Nyati akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

Siwatu akaomba kumwuliza shahidi. Akamsogelea taratibu.

"Siku ile ulikuwa wewe uzini?"

Popo akakubali kwamba alikuwa yeye.

"Kabla ya maneno hayo ulisikia nini?"

"Nilisikia kilio."

"Na baada ya maneno hayo?"

"Kilio. Kisha kilio kingine, kidogo."

"Hicho kidogo kilikuwa cha mtoto," akasema Siwatu. "Viko wapi daftarini?"

Popo akafunua ukurasa, akafunua na wa nyuma yake, ingawa alijua kilichomo.

"Hatuandiki vilio," akasema. "Tunaandika maneno."

Siwatu akamwuliza na habari za Mashavu, siku ile alipokuja na mimba ya miezi saba. Popo akatafuta, akasoma: Siumwi, bibi. Sikuanguka, bibi. Sikuona, bibi. Akafunga daftari, akasema kwamba pale jumbani walitia alama tu kuonyesha kwamba siku ile nyumba ile haikuwa na neno baya.

Nyuma kabisa Mashavu alisimama. Alisimama tu, na tumbo lake tupu, na watu wote wakageuka, na Jumbe Nyati naye akageuka. Siwatu alimwona Jumbe akimwangalia yule binti, kisha akiangalia kwato zake mwenyewe.

Korongo alikifunga kitabu cha sheria taratibu. Kisha akahukumu. Masikio yote yatolewe majumbani kabla ya wiki kwisha. Baba Digidigi afunguliwe leo. Jumbe akimshuku mtu, aje barazani amtaje jina, aeleze sababu, na baraza ndilo litakaloamua kama apigiwe hodi.

Jumbe Nyati akainuka, kiti kikalia.

"Na ghala likichomwa tena?"

"Weka walinzi ghalani," akasema Korongo.

Watu wakatazamana. Katika miezi ile yote, huku popo sitini wakisikiliza watu wanavyokohoa, mlangoni mwa ghala hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Jumbe akatoka bila kuaga. Kicheche akamfuata, na mkia wake haukuwa umetulia.

Masikio yalitolewa, ingawa mafundi walichelewa siku tatu. Popo aliyesema kweli alifukuzwa kazi kesho yake, akaenda kulinda mapera katika shamba la watu wengine, na wengi hawakumshukuru. Mashavu hakurudishiwa chochote. Hilo baraza halikuliweza. Lakini wanawake walianza tena kusema. Walikuja na maumivu yao na aibu zao, wakayamwaga mkekani, na Siwatu akawatibu kwa kuwa aliyajua.

Angeweza kuishia pale. Jamaa zake walimshauri aishie pale, wakamwambia ameshinda, apumzike. Lakini asubuhi moja alikwenda kuteka maji, akawakuta wanawake wamezunguka kisima, kila mmoja na ndoo yake, wamenyamaza kama watu wasiojuana. Juu yao, kwenye nguzo, sikio la shaba lilikuwa linang'aa. Hukumu ilisema majumbani. Haikutaja kisima, haikutaja soko, haikutaja njia panda.

Siwatu akajaza ndoo yake, akaitua chini palepale, akaenda moja kwa moja barazani na kanga yake imelowa maji. Karani Ngiri alipomwona anapanda ngazi, alishusha pumzi, akauchukua muhuri, akauweka tayari juu ya meza.

"Leo ni nini tena, Bi Siwatu?"

"Kisima," akasema, akavuta kiti. "Andika."

Ngano yangu imeketi hapo, nami nimenyamaza. Aliyeisikia ameisikia, na atakayekwenda kuisimulia kwingine asipunguze hata kilio kimoja.