Madumu Yenye Maputo

Uniamini usiniamini, Hombolo yote haijazaa mjanja kama Sechelela, mtengeneza mvinyo wa zabibu. Chupa za vizibo hakuwa nazo. Mvinyo aliuweka kwenye madumu ya njano ya mafuta ya kula, na kila dumu akalivisha puto la watoto mdomoni ili gesi ipate pa kwenda.

Msimu ule alipata madumu matano tu, yote ya harusi ya mdogo wake. Bwana Mtinangi, mwenye nyumba, akamjia.

"Mvinyo wako umelala chini ya bati langu. Nina wageni. Kesho nachukua madumu matano, la sivyo uhame."

Kesho yake akakuta madumu kumi. Maputo matano yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, matano yamelala kama masikio ya mbuzi.

"Haya yaliyolala yamekufa?"

"Wewe ndiye mjuzi, mzee wangu. Ila yaliyovimba niachie, nakupigia magoti."

"Unifanye mjinga mimi?" Akayapakia yaliyovimba.

"Basi usivue puto mpaka wageni wako wafike, mzee. Nguvu itatoka."

Harusini watu walikunywa mvinyo ulioiva, uliokwisha kuchacha, usio na gesi ya kujaza puto. Yale aliyoyapakia Mtinangi, Sechelela aliyajaza alfajiri, kabla mzee hajafika: maji, sukari na hamira ya mandazi.

Mtinangi akarudi amefura. "Umenipa nini wewe?"

"Si nilikusihi uniachie, mzee wangu?"