Kiti cha Mbele

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya juzi tu, Mahimbo wa Lushoto alinunua gari. Mbele ya kiti cha abiria palifichwa mfuko wa hewa. Gari likigonga, mfuko hufumuka na kumkinga mtu mzima. Lakini kichanga aliyefungwa pale katika kiti chake cha kutazama nyuma, mfuko huohuo humuua. Ndiyo maana palikuwa na tundu la kuuzima, lenye ufunguo wake mbali na wa gari. Ukizimwa, taa ndogo ya njano huwaka.

Kila asubuhi Mahimbo alimpeleka mwanawe mchanga kwa bibi yake mzaa mama, na alitaka kumwona huku akiendesha. Basi mkewe, Zaituni, alimfunga mbele, akauzima mfuko, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Siku moja walikwenda harusini Mombo, wao na mama yake Mahimbo, Bi Mwantumu. Mwanahawa, dada yake Mahimbo, alitoka kuwaaga. Akafungua mlango wa mbele, akaguna.

"Mama akae nyuma kama kiroba cha viazi, kichanga akae mbele? Wifi, kwenu mnafundishana hivyo?"

Zaituni akaona haya. Akamhamishia mtoto nyuma, akakaa naye. Ufunguo akausahau.

Bi Mwantumu akakaa mbele, akafunga mkanda. Wakateremka mlima.

"Mwanangu, hii taa ya njano ni ya nini?"

"Ya mtoto hiyo, mama."

"Mtoto mwenyewe kishahama!"

Wakacheka, mama na mwana.

Kwenye kona, lori lililokatika breki likawavaa. Mfuko wa Mahimbo ulifumuka. Wa mama yake ulilala, akagonga kichwa mbele, akafa. Mtoto hakupata hata mkwaruzo.

Baada ya maziko, Mzee Kaoneka, mume wa marehemu na mwenye nyumba walimoishi wote, aliwaketisha mkekani.

"Mwenye kosa ataondoka nyumbani kwangu, tena ataondoka peke yake."

Zaituni akamkumbatia mtoto.

Mwanahawa akasema, "Mimi nilimpa mama heshima yake. Ufunguo sikuujua. Aliyezima ndiye wa kuwasha."

Mahimbo akasema, "Taa niliiona. Mama aliniuliza, nikacheka, macho yangu yakarudi barabarani. Lakini wewe dada, ungemwacha mtoto mahali pake, mama angekuwa hai."

"Na mwanao je? Kiti chake kingepondwa pale mbele!"

Zaituni akafungua pindo la kanga, akauweka ufunguo mkekani.

"Baba, nilizima ili mwanangu asife. Nilihama kwa kuwa niliaibishwa. Nikasahau."

Mzee akautazama ufunguo. Hakuugusa.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Mmoja alizima, mmoja alifanya mtoto ahamishwe, mmoja aliona taa akacheka. Mtoto analia, anataka kunyonya, na mzee bado anangoja. Je, nani atoke?