Alizeti za Mfuko Uliotoboka

Paukwa! Itikieni, hata mnaopiga miayo. Nimezunguka nchi nyingi, nikarudi na kitambi na ngano hii tu.

Maganga alipofariki, mkewe Nyamizi hakulia wala hakucheka. Alikaa kama gogo. Zimwi likamjia.

"Bibi, unaumia?"

"Siumii."

"Una raha?"

"Sina."

"Moyo usiohisi kitu ni chakula changu. Nitarudi mvua ikianza, na tena ikiisha. Mara ya tatu nakula."

Mvua ikaanza, majibu yakawa yaleyale. Zimwi likanoa meno.

Mvua ikaisha, zimwi likaja na chumvi. Alizeti zilikuwa zimechanua, lakini si shambani. Zilianzia mlangoni, zikapinda nyuma ya choo, zikafuatana mpaka kilabu cha pombe. Mbegu zilikuwa zimevuja njia nzima kutoka kwenye mfuko wa koti la Maganga, ule uliotoboka.

"Maganga, mwongo wewe!" Nyamizi akapiga kelele. "Si ulisema unakwenda kupanda?"

Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akaketi chini. Zimwi likaondoka na chumvi yake.

Siku hizi, kila msimu, Nyamizi hulivaa koti lile, akajaza mbegu mfukoni, akatembea. Tundu hajalishona.