Choo Kilichofika Biharamulo

Aliye na haja aende sasa, tutamsubiri. Hakuna anayesikiliza vizuri huku amebana, na hadithi yenyewe ni ya choo. Mnaocheka, chekeni mmalize. Mnaokunja pua, sijui nyinyi huwa mnakwenda wapi kila asubuhi.

Songea palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bernadeta, afisa afya wa kata, alijua kuuliza. Hyasinti, fundi seremala, alijua kupima. Otmari, dereva, alijua kunyamaza. Ni vipaji vya kawaida tu. Hakuna aliyeruka angani wala aliyesikia nyasi zikiota. Lakini hao ndio waliomfikisha Mwalimu Eufrasia Mapunda Biharamulo. Mpaka leo anashukuru, na mpaka leo hajui amshukuru nani.

Mwalimu Eufrasia alifundisha sayansi kimu miaka thelathini na mmoja. Alipofika miaka sabini na minne, magoti yalikuwa yamekataa kukunjika na kibofu kimekataa kusubiri. Mwenye matatizo hayo mawili kwa pamoja hapandi basi. Mnajua basi likisimama porini, kondakta akatangaza kuchimba dawa: wanaume kulia, wanawake kushoto, dakika tano. Mara ya mwisho, miaka tisa iliyopita, Mwalimu alichuchumaa nyuma ya kichaka pamoja na wenzake. Wenzake wakainuka, yeye akabaki chini. Honi inalia, abiria wanachungulia madirishani, na mwanamke aliyewafundisha usafi nusu ya mabinti wa Songea anavutwa mikono na msichana asiyemjua, gauni limelowa. Alishuka Iringa, akarudi nyumbani kipande kwa kipande, siku nne, bila kunywa tone la maji njiani. Tangu hapo hakusafiri tena.

Kisha ikaja simu ya mdogo wake wa pekee, Skolastika, aliyeolewa Biharamulo.

"Dada, macho yanazimika. Presha ya macho. Daktari anasema nikifika mvua za vuli na mwanga wowote, nipige magoti kumshukuru Mungu. Njoo nikuone."

"Nitakutumia picha, mdogo wangu."

"Picha ina mashavu ya kushika?"

Mwalimu hakulala vizuri wiki ile. Kwenda yeye kumwona Skolastika, hilo lingeweza kungoja. Kuonwa ndiko kulikokuwa na tarehe.

Bosi wa Otmari alikuwa na kosta kuukuu iliyong'olewa viti, ikawekwa kitanda, jiko na mapazia, ya kuwapeleka wageni ziwa Nyasa. Otmari ni mume wa Ditrika, binti wa Mwalimu. Aliomba gari, akapewa kwa siku kumi. Choo hakikuwamo. Wale wageni walikuwa vijana, wana magoti.

Basi likaanza suala la choo. Mpwa wa Mwalimu aliyeko Dar es Salaam akatuma picha: choo cheupe cha plastiki chenye tanki chini na dawa ya bluu ndani. Wakaitazama barazani kwa zamu kama picha ya mtoto mchanga.

"Ndicho wanachotumia Ulaya, shangazi," alisema mpwa kwenye simu, sauti wameifungulia wote wasikie. "Unabonyeza tu, kinajisafisha."

Bernadeta alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Alisimama mlangoni nayo mkononi, akauliza, "Hiyo dawa ya bluu ikiisha gari likiwa Manyoni, inauzwa duka gani?"

"Mtabeba ya akiba."

"Na tanki likijaa, linamwagwa wapi?"

"Kuna vituo maalumu vya kumwagia."

"Wapi?"

"Kule."

"Kule Ulaya au kule Manyoni?"

Bernadeta akaweka sufuria chini. "Na dawa hiyo ikimwagwa kwenye shimo la choo la watu, itakuwaje kwa wadudu wanaoozesha uchafu humo? Mwalimu, si ni wewe uliyetufundisha kwamba kinachonuka ni mchanganyiko?"

"Ni mimi," alikiri Mwalimu.

Akawaeleza choo kikavu. Haja ndogo inapokelewa mbele, inateremka kwenye dumu. Haja kubwa inaangukia nyuma, kwenye ndoo, na inafunikwa na unga wa mbao. Visikutane, na hakuna harufu, hakuna dawa, hakuna tanki. Kila mji una choo cha shimo cha kumwagia. Mpwa alisema hicho ni choo cha kimaskini. Bernadeta alimuuliza kama amewahi kunusa cha kitajiri kilichofurika ndani ya gari lililofungwa vioo. Huyo ndiye wa kwanza: bila maswali yake wangenunua picha.

Lakini jibu zuri halikaliwi. Ikaitwa mikono ya Hyasinti.

Hyasinti alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mwalimu, kwa hiyo ni shemeji, na kwa hiyo hana adabu. Alikuja na futi kamba na kalamu sikioni.

"Shemeji, vua viatu, kaa hapa, nikupime kisigino mpaka nyuma ya goti."

"Umri huu ndio unanipima miguu, Hyasinti?"

"Ningekupima zamani, marehemu angenipiga randa."

Alipima goti, akapima kiuno, akapima mkono ukiwa umenyooka. Vyoo vya dukani, alisema, vimetengenezwa kwa kimo cha mtu asiyejulikana, na mtu asiyejulikana hana magoti ya Mwalimu. Akachonga kiti cha mninga, kirefu inchi mbili kuliko vipimo, ili mwili ukiinuka usihitaji kuomba ruhusa. Akaweka mishikio miwili pale mikono yake ilipoangukia yenyewe. Akakifunga sakafuni kwa nati nane. Hakuridhika. Alikaa juu yake, suruali kaifunga vizuri na mkanda, akamwamuru Otmari aipitishe kosta kwenye makorongo yote ya mtaani. Watoto waliona uso wa mzee dirishani ukipanda na kushuka. Aliporudi alirefusha mshikio wa kushoto, akajaza gunia zima la unga laini wa mbao kutoka karakana yake. Huyo ndiye wa pili: bila vipimo vyake, Mwalimu angeviringika mpaka mlangoni kwenye kona ya kwanza.

Sasa Otmari. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huanza kugombana.

Mpango ulikuwa Ditrika asafiri na mama yake, na yeye ndiye amwage. Lakini Ditrika ni mwalimu, ikatangazwa tarehe ya mitihani ya darasa la saba, akanyimwa ruhusa. Akabaki Otmari peke yake. Na kwao mkwe na mama mkwe hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hutazama majani. Walisafiri pazia likiwa katikati, wakisalimiana kupitia kitenge.

"Nitamwaga mwenyewe," Mwalimu alikuwa amemwambia binti yake.

Safari ya siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Alikunywa maji barabarani kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, chupa nzima, kwa makusudi, na kila alipotaka alikwenda, akashika mishikio, akainuka kama binti. Jioni wakafika Iringa. Otmari akaegesha kwenye uwanja wa gesti, akaenda kuchukua chumba chake. Mwalimu akalichomoa dumu. Likamshinda kwenye ngazi ya kwanza. Akalirudisha, akakaa kitandani, akaelewa kwamba amefika mji uleule aliogeukia zamani, na kwamba atageuka tena. Kumwomba mkwe hakuwezekani. Mdomo wenyewe haungefunguka. Asubuhi angesema anaumwa, warudi.

Kulipokucha alishuka mikono mitupu kwenda kunawa bombani, akiipanga sauti ya mgonjwa. Aliporudi, dumu lilikuwa tupu, limesuuzwa. Ndoo ilikuwa safi, na chini imetandikwa unga mpya wa mbao, laini, umesawazishwa kwa kiganja.

Pazia likatikisika kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mwalimu alifunika ndoo, akakaa.

"Chai ya hapa wanatia tangawizi, mama. Unaipenda, au niwaambie waache?"

"Waitie."

"Na chapati?"

"Mbili, baba."

Basi. Jambo lile hawakulisema Iringa, wala Singida, wala Kahama walipopita mchana, na kila asubuhi dumu lilikuwa tupu. Mwalimu alikunywa chai yake huku machozi yakidondokea chapati. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha watu kusafisha vyoo. Hakuwahi kusafishiwa chake na mtu ambaye wala hakutaka ajulikane. Huyo ndiye wa tatu: bila ukimya wake, safari ingeishia Iringa.

Siku ya tatu alasiri wakafika. Skolastika alikuwa barazani, akitazama barabara kwa jicho la kulia, lililobaki na mwanga. Alimshika dada yake mashavu, akamgeuza upande wa jua.

"Umezeeka vibaya."

"Na wewe umevaa gauni nje ndani."

Wakacheka mpaka wakashindwa kusimama. Kwa siku nne Skolastika alimtazama tu: akila, akimenya ndizi, akilala. Siku ya kuondoka akatoa mkeka wa ukindu, kijani na zambarau. Karibu na pindo mstari wa zambarau ulikuwa umepotea njia.

"Huu ndio wa mwisho niliousuka kwa macho," alisema. "Mpe aliyekuleta."

"Ni Bernadeta, na Hyasinti, na..."

"Nimesema aliyekuleta, sijasema waliokuleta. Nataka kuujua ulipo. Nikishakuwa gizani nitautazama kichwani, na siwezi kutazama nyumba tatu kwa wakati mmoja."

Mwalimu aliushika mkeka magotini tangu Biharamulo hadi Songea, akimpa huyu kwenye kona moja, akimnyang'anya kwenye nyingine. Walipofika, wote watatu walikuwa uani. Bernadeta alisema yeye aliuliza tu, kuuliza si kazi. Hyasinti alisema yeye alipoteza mbao tu, ila kama kuna zawadi, kwake sakafu ni ya saruji na ni baridi. Otmari alikuwa amekwisha kuchukua dumu, anazunguka nalo nyuma ya nyumba.

Sasa mvua za vuli zimeanza. Mkeka bado umesimama kwenye kona ya chumba cha Mwalimu, umeviringishwa. Na simu inaita. Ni Skolastika, na Mwalimu anajua kwa nini.

Msiniambie ukatwe vipande vitatu. Mkeka ukikatwa unafumuka. Msiniambie wapokezane, nyumba ni moja. Mwenye kosta naye mwacheni, amebakiwa na choo cha mninga, hana neno. Na wenye haraka ya kumtaja Otmari wakumbuke desturi: mkeka ukiingia nyumbani kwake, Mwalimu hataukalia pamoja naye mpaka anakufa. Labda hiyo ndiyo sababu ya kumnyima. Labda ndiyo sababu ya kumpa.

Mwalimu amepokea. "Shikamoo, dada," inasema sauti ya Biharamulo. "Nimefumba macho, ingawa siku hizi ni yaleyale. Haya, niambie, natazama nyumba ya nani?"

Nyinyi mliokaa hapa, mngemtajia jina gani?