Fisi na Jina Lililoitikiwa

Mwaka huo mvua ilikosekana hata mbuga ikapasuka nyufa, na mito ikabaki mchanga mtupu. Simba, ambaye hakupenda kuonekana akimwomba yeyote chochote, aliwakusanya wanyama akatoa amri.

"Tutachimba kisima. Kila asubuhi Sungura ataita majina. Atakayeitika atakunywa jioni. Asiyeitika asinisumbue."

Amri hiyo ilimchosha Fisi kabla hata hajashika jembe. Kunywa alitaka, tena kuliko wote. Kuchimba ndiko kulikomshinda. Akamfuata Kasuku kwenye mgunga uliokuwa karibu na kisima.

"Ndugu yangu, wewe unaweza kuiga sauti ya mtu yeyote."

"Naweza."

"Basi Sungura akiniita, niitikie. Jioni nitakuachia maji kidogo kibuyuni mwangu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tutaelewana tu, Kasuku."

Tangu hapo mambo yakamnyookea. Wenzake wakitokwa jasho, yeye alikuwa pangoni akikoroma. Sungura alipoita "Fisi," sauti nzito ya kukwaruza ilitoka majanini, "Nipo." Kwa vumbi lile na kelele za majembe, hakuna aliyegeuka kutazama. Jioni Fisi alikuja amejipaka udongo miguuni, akiguna kama aliyevunjika mgongo, akanywa akamwachia Kasuku matone.

Maji yalipoongezeka, fungu lake halikumtosha tena. Mchana mmoja wenzake walikwenda kupumzika kivulini, naye akateremka kisimani kimyakimya. Alikunywa, kisha akakwangua ukuta kwa makucha ili maji yatoke zaidi. Ukuta ukamwangukia. Udongo ulimbana hadi shingoni, mwingine ukaziba juu ya kichwa chake, ukabaki mwanya mdogo tu wa kupitisha pumzi.

Wanyama walisikia mshindo wakaja mbio.

"Kuna mtu ndani?" Simba aliuliza.

"Ngoja niite majina, tutajua," alisema Sungura.

Huko chini Fisi alisikia, moyo ukamtulia. Twiga aliitika. Ngiri aliitika. Kobe naye aliitika, taratibu kama kawaida yake. Halafu akasikia, "Fisi." Alipofungua kinywa, udongo ukamjaa. Kabla hajautema, sauti yake mwenyewe ilijibu kutoka mtini, "Nipo."

"Tumetimia," alisema Simba. "Twendeni. Tutazibua kesho."

Fisi alisikia nyayo zikiondoka. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake. Akautema udongo, akalia kwa nguvu zote, "Siyo mimi! Aliyeitika siyo mimi!"

Sungura alirudi, akainama kwenye mwanya. "Wewe nani?"

"Fisi."

"Fisi ameitika sasa hivi. Tena huyo hajakosa hata siku moja."

"Ni Kasuku," Fisi alisema kwa unyonge. "Siku zote ni Kasuku. Nifukueni, jamani, nitasema yote."

Majani ya mgunga yakatikisika, Kasuku akaruka kwenda zake.

Walimfukua, naye akasema yote. Simba alimtazama kutoka kichwani hadi mkiani.

"Kumbe tumetoka jasho kumchimbua mtu ambaye hajachimba nasi hata kidogo," alisema. "Kisima utakizibua wewe, peke yako. Ukimaliza utakunywa, lakini wa mwisho."

Kesho yake Sungura alipofika, alimkuta Fisi amekwisha kusimama kisimani, jembe begani, udongo bado masikioni. Alipoitwa akaitika, kisha akaitika tena, asije mtu akasema hakumsikia.